Mgongoni mwa Pakiti

Chukua pakiti yoyote iliyo jikoni, ya majani chai, ya biskuti ama ya sabuni, uigeuze. Upande wa mbele umeshauona mara elfu: jina kubwa, rangi, picha ya familia inayocheka kuliko familia yoyote unayoijua. Nyuma ndiko kwenye mambo. Kuna mistari myeusi iliyosimama kama ua wa fito. Kuna pembetatu ya mishale inayofukuzana, na ndani yake namba. Kuna nembo ya KEBS. Pengine kuna herufi e iliyovimba, ama C na E zimekaa pamoja, ama kopo lililo wazi lenye "12M" tumboni. Wengi wetu tunatafuta tarehe ya kuharibika, tukiitafuta, halafu pakiti inarudi kabatini.

Ni rahisi kudhani alama hizo zote zinaongea nasi. Ukifuatilia zilikotoka utakuta ni chache sana zilizochorwa kwa ajili ya mtu anayepika. Moja ilichorewa keshia. Nyingine ilichorewa wenye viwanda, nyingine afisa wa forodha. Na ile iliyochorwa kwa ajili yetu hasa, ile ya kutuzuia tusife, ndiyo yenye kisa kirefu kuliko zote, kwa hivyo wacha tuifikie polepole.

Mafundi walipiga mihuri kwenye vyungu na panga zao tangu kale. Jipya la karne ya 19 ni kwamba serikali iliingia katikati. Uingereza ilipitisha sheria ya kusajili alama za biashara mwaka 1875, na daftari likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876. Alama namba moja kabisa, katika nchi iliyojiona karakana ya dunia nzima, ilikuwa ya pombe: pembetatu nyekundu ya kampuni ya Bass, ya mji wa Burton upon Trent. Haikuhitaji neno la kusoma. Mfaransa Édouard Manet alipochora baa ya Paris mwaka 1882 aliweka chupa zenye pembetatu hiyo juu ya kaunta, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ni za nani.

Hapo ndipo penye siri ya mambo. Picha inauzia mtu asiyesoma, na inauzia pia mtu anayesoma lugha nyingine. Wafanyabiashara wa nguo wa Manchester walilijua hilo vizuri. Marobota yao ya kwenda India, Uchina na Afrika yalibandikwa karatasi za rangi zenye wanyama, wafalme na miungu, ili mnunuzi wa mbali arudi dukani aseme tu, nipe ile ya tembo. Watengenezaji wa panga wa Birmingham, Ralph Martindale, walipiga picha ya mamba kwenye bapa la chuma. Mkulima hakuhitaji kujua Martindale ni nani. Mamba alimtosha.

Sisi huku tulikuwa na njia zetu. Kitambaa cheupe cha pamba kilicholetwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, kiliitwa merekani, jina la nchi likawa jina la nguo, na misafara ya bara ilikitumia kama fedha. Baadaye ikaja leso. Mwanamke wa Mombasa akichagua leso haangalii rangi na maneno peke yake. Chini kuna maandishi madogo ambayo mgeni hayatambui, na kwenye leso za duka la Kaderdina Hajee Essak yanasema K.H.E., Mali ya Abdulla. Hiyo ni lebo iliyokubali kuvaliwa. Sijui kitu kingine ambacho alama ya mwenye mali hutembea mtaani, huenda arusini na matangani, na hakuna anayeona ajabu.

Na kuna alama zilizokula majina ya vitu. Uliza mtu Nairobi dawa ya viatu atakujibu kiwi, ndege asiyeruka wa New Zealand, aliyewekwa kwenye mkebe na William Ramsay kule Melbourne mwaka 1906 kwa sababu mkewe alitoka nchi hiyo. Uliza mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, utaambiwa kasuku, hata kama haujawahi kuwa na kasuku. Mafuta yakiisha, kasuku anahifadhi sukari, anachotea maji, anapimia mahindi sokoni. Wenye kiwanda walitaka jina likae kichwani. Sidhani walitarajia liwe kipimo.

Sasa ile mistari.

Mwaka 1948 mkuu wa kampuni moja ya maduka ya vyakula alikwenda chuo cha Drexel, Philadelphia, akamwomba mkuu wa kitivo amtafutie mtambo wa kusoma bidhaa wakati mteja analipa. Mkuu wa kitivo hakutaka. Lakini mwanafunzi wa uzamili, Bernard Silver, aliyasikia mazungumzo akamwambia mwenzake, Norman Joseph Woodland. Woodland akaacha kazi ya chuo akaenda kukaa kwa babu yake Miami Beach, kufikiri. Alikuwa amejifunza kodi ya Morse akiwa skauti. Siku moja, amekaa ufuoni, akatia vidole vinne mchangani akavivuta kuelekea kwake. Nukta na vistari vya Morse vikarefuka vikawa mistari, minene na myembamba. Hapo hapo akaivuta ikawa duara, ili mashine iweze kuisoma kutoka upande wowote. Hati ya uvumbuzi waliiomba Oktoba 1949, wakaipata Oktoba 1952. Waliiuza kwa dola 15,000.

Kumbe wazo lilikuwa limewahi mno. Hakukuwa na leza, hakukuwa na kompyuta ndogo ya kukaa dukani. Silver alifariki mwaka 1963 bila kuona lolote. Ni miaka kumi baadaye, Aprili 1973, ndipo wenye maduka na viwanda vya Marekani walipochagua mchoro mmoja wa pamoja, na ulioshinda ni ule wa IBM, wa mistari iliyosimama, uliobuniwa na George Laurer. Duara la Woodland lilikuwa na shida ndogo ya kidunia: mashine ya kuchapia ikivuta wino, duara linachafuka. Mistari ikivutwa inarefuka tu.

Tarehe 26 Juni 1974, kwenye supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ya Juicy Fruit ilipitishwa juu ya kioo, na mashine ikasema senti 67. Wiki chache baadaye, Julai 1974, shirika la kukagua ubora wa bidhaa nchini Kenya, KEBS, likaanza kazi chini ya Sheria ya Viwango. Mambo haya mawili hayahusiani. Ila yamekaa mgongoni mwa pakiti moja mpaka leo, na yana umri sawa.

Mistari imezushiwa mengi. Wapo waliohubiri kwamba mistari miwili miwili ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho ni sita, sita na sita, chapa ya mnyama. Laurer alijibu hilo mpaka akachoka; mistari hiyo ni ya kuionyesha mashine kodi inaanzia wapi na kuishia wapi, haina thamani ya namba. Uzushi wa pili ndio unaotembea sana kwenye simu zetu: ati ukiona 690 kitu ni cha Uchina, ukiona 616 ni cha Kenya, kwa hivyo soma namba ujue unakula nini. Hapa pana nusu ya ukweli, na nusu ndiyo inayopotosha. Tarakimu za mwanzo zinasema kampuni ilichukulia namba yake katika ofisi ya nchi gani. 616 ni ya ofisi ya Kenya, 620 ya Tanzania, 600 na 601 za Afrika Kusini, na 690 mpaka 699 za Uchina. Kampuni ya Nairobi inaweza kuagiza bidhaa iliyotengenezwa popote na kuibandika 616 bila kuvunja sheria yoyote. Mistari haijui kitu kilipikwa wapi. Haijui hata bei. Inajua namba moja tu, na bei imo kwenye kompyuta ya duka, ndiyo maana karatasi ya rafu inaweza kusema 95 na keshia akasoma 110. Ukibishana naye, bishana na kompyuta.

Pembetatu ya mishale ina historia ya huzuni kidogo. Mwaka 1970 Marekani iliadhimisha Siku ya Dunia kwa mara ya kwanza, tarehe 22 Aprili. Kampuni ya Container Corporation of America, iliyotengeneza maboksi ya karatasi, ikatangaza shindano la wanafunzi: chora alama ya karatasi iliyotumika ikarudi kiwandani. Mshindi alikuwa Gary Anderson, kijana wa miaka 23 wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyekunja mishale mitatu kama utepe wa Möbius, ule wenye upande mmoja tu. Zawadi ilikuwa dola 2,500. Mchoro wake ukaachiwa umma, kila mtu autumie.

Na kila mtu akautumia. Mwaka 1988 chama cha viwanda vya plastiki cha Marekani kikachukua mishale hiyo kikaweka namba ndani, 1 hadi 7. Namba zinataja aina ya plastiki: 1 ni ile ya chupa za maji na soda, 2 ni ile ngumu ya mitungi ya sabuni na madumu, 5 ni ya vikopo vya yogati, 6 ni ya vyombo vyeupe vyepesi vya kubebea chakula, na 7 ni kapu la "mengineyo". Ni habari ya mtu anayechambua taka. Haisemi popote kwamba kitu hicho kitarejelezwa, wala kwamba kuna kiwanda kinachokitaka. Lakini mishale ya Anderson ilikuwa tayari imefundisha watu maana moja, na maana hiyo ikahamia kwenye plastiki bure. Waliosimamia kodi hizo walikubali mwaka 2013 kubadilisha mishale iwe pembetatu ya kawaida, isiyofukuzana. Miaka 25 ilikuwa imepita, na mishale bado imejaa kwenye chupa.

Ukitaka kujua pembetatu ina thamani gani, usimuulize aliyeichapa, muulize mtu anayeokota Dandora. Yeye anajua 1 na 2 zina mnunuzi, na anajua siku ambayo bei imeshuka hata 1 haina. Kile chombo cheupe chenye 6 kina mishale ileile mizuri, na kinaachwa pale pale kilipo. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini inayofika shilingi milioni nne ama kifungo cha mpaka miaka minne, haikubishana na alama. Ilikataa kitu chenyewe. Mtu anaweza kulalamika kuhusu mengine katika marufuku ile, lakini ni njia ya wazi zaidi kuliko mishale.

Hizi nyingine tuzipite haraka. Herufi e iliyovimba ni ya Ulaya, ya miaka ya 1970, na inasema uzito uliomo umepimwa kwa wastani wa mzigo mzima, kwa hivyo pakiti yako inaweza kupungua kidogo na hakuna aliyekuibia. Kopo la "12M" ni la vipodozi: miezi kumi na miwili tangu ukifungue. CE ni tangazo la mtengenezaji mwenyewe kwamba kitu kinafuata sheria za Ulaya, na vitu vingi havihitaji mtu mwingine kukipima ndipo aweke herufi hizo. Ile hadithi ya mitandaoni kwamba kuna CE nyingine inayomaanisha kitu kimeuzwa nje kutoka Uchina ni hadithi tu. Alama ni moja. Ama mtu ana haki ya kuiweka ama anadanganya.

KEBS ndiyo ya kwetu, na ndiyo tunayoidai zaidi. Chini ya nembo huwa kuna namba ya kibali. Shirika linatuambia tuandike SM, alama ya reli, kisha namba hiyo, tutume kwa 20023, na tutajibiwa jina la kampuni na bidhaa. Watu wachache hufanya hivyo, na siwalaumu. Nani atasimama dukani akituma ujumbe kuhusu chumvi? Lakini namba ni muhimu kuliko nembo. Nembo inaigwa na kijana yeyote mwenye kompyuta na printa; namba ya uongo ikitumwa inajibu kitu kingine, ama haijibu.

Na nembo ya kweli nayo inasema nini? Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini iliyoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. 125 walikufa. Mahindi hayo yalitoka mashambani mwao na kwenye masoko ya karibu, ya kupimwa kwa gorogoro. Hayakuwa na pakiti, hayakuwa na mgongo wa kugeuza. Mtu angeweza kusema basi dawa ni unga wa dukani. Halafu ikafika Novemba 2019, KEBS ikasimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu aflatoksini ilikuwa imepita kiwango. Hizo zilikuwa chapa za rafuni, zenye vibali. Si kwamba nembo ilidanganya. Nembo inasema kiwanda kilikaguliwa na sampuli zikapimwa. Pakiti uliyoshika wewe haikupimwa. Ingepimwa isingekuwa pakiti tena. Kuvu nayo haisubiri mkaguzi arudi.

Sasa tufike kwenye fuvu.

Jimbo la New York lilitunga sheria mwaka 1829 kwamba chombo chenye sumu kiandikwe hivyo. Fuvu na mifupa miwili lilianza kuonekana kwenye chupa katikati ya karne hiyo, na likasambaa duniani kote. Ni picha ambayo ungefikiri haiwezi kueleweka vibaya. Lakini mwaka 1971 hospitali ya watoto ya Pittsburgh iligundua kwamba watoto wa mji ule walikuwa wakilipenda. Fuvu lilikuwa la maharamia, na Pirates ndiyo timu yao ya besiboli. Daktari Richard Moriarty na wenzake wakawaonyesha watoto picha na rangi mbalimbali, wakachukua ile iliyowachukiza zaidi: uso wa kijani umekunja, ulimi nje. Wakauita Mr. Yuk.

Kwenye chupa za dawa za shamba kuna lugha nzima. Shirika la Afya Duniani lilipanga viuatilifu kwa ukali wao mwaka 1975, na mpangilio huo ndio unaoonekana kama utepe wa rangi chini ya lebo: nyekundu kwa vikali kabisa, kisha njano, buluu na kijani. Juu ya utepe kuna vijipicha vilivyokubaliwa na FAO na wenye viwanda miaka ya 1980: glavu, buti, mtu ananawa, kufuli, na samaki aliyepigwa alama ya mkato. Vilikusudiwa mkulima asiyesoma Kiingereza. Ni kazi ya nia njema. Ila Hanna-Andrea Rother aliwapelekea wafanyakazi wa mashamba ya Afrika Kusini vijipicha hivyo awaulize vinasema nini, na katika makala aliyochapisha mwaka 2008 alionyesha kwamba wengi walivisoma tofauti na walivyokusudia waliovichora.

Rangi ya kijani inanisumbua zaidi. Kwa daraja lile, kijani inamaanisha kwamba ukiitumia inavyotakiwa si rahisi ikudhuru papo hapo. Haisemi lolote kuhusu miaka kumi ya kupulizia nyanya bila kinyago. Lakini kijani kwetu ni majani, ni mvua, ni taa ya kusema pita. Aliyechagua rangi alifikiria mpangilio, na mkulima anafikiria shamba.

Halafu kuna lugha yenyewe, na hapa lebo imeshindwa kabla ya kuanza. Kiswahili kinaita vitu hivi dawa. Dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya kunguni, dawa ya kupulizia sukuma. Neno hilohilo la hospitali. Kweli, mwenye mimea anaiponya mimea, na neno lina mantiki yake ya zamani. Lakini chora fuvu utakavyo, mwenye duka la agroveti atamwambia mteja, chukua hii dawa ni nzuri sana, na mteja atasikia "dawa" na "nzuri".

Na si kila mara anauziwa chupa nzima. Chupa ya nusu lita ni pesa nyingi kwa mtu wa robo eka. Basi anapimiwa, kifuniko kimoja ama viwili, kwenye chupa aliyokuja nayo. Ni uchumi uleule wa kadogo unaotupimia mafuta ya kupikia, unga na sukari, na bila huo familia nyingi zingelala njaa. Kwenye kupimiwa, kinachobaki nyuma ni lebo. Utepe, glavu, samaki, fuvu, namba ya kibali, mistari, vyote vinakaa na mwenye duka. Kinachokwenda nyumbani ni maji ya rangi ya maziwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, pembetatu yake na namba 1 chini ya kitako.

Mafuta taa yamesafiri hivyo kwa miaka mingi zaidi. Madaktari wa wodi za watoto hapa Kenya wanaijua kesi hiyo vizuri sana: mtoto wa miaka miwili ama mitatu, kiu ya saa nane mchana, chupa ya soda imesimama karibu na jiko. Ukimuuliza mama atakuambia mtoto hajui kusoma. Lakini mtoto aliisoma lebo. Aliiona ile rangi na lile umbo, akakumbuka Krismasi, akafungua.